Vyumba Viwili vya Bakteria: mwongozo kamili wa kuondoa naitrojeni kwenye maji ya septiki, Mombasa

Kwa miaka michache sasa watu wananiita niwakagulie vitanda vya matete, yaani vya mchanga na kokoto vya kuchujia maji ya septiki, walivyojenga nyuma ya nyumba, kuanzia Kisauni hadi Likoni, na karibu wote nawakuta na kosa moja. Kitanda kinapendeza, matete yamewapita kimo, harufu imekwisha, maji yanatoka maangavu. Nachovya kijiti cha kupimia naitreti, nahesabu sekunde, na kijiti kinaiva rangi mpaka mwisho wa kipimo. Bi mmoja wa Kisauni alinitazama akasema, "Mwanangu, maji meupe hivi, uchafu uko wapi?"

Uchafu umeyeyuka ndani yake, hauonekani. Mombasa tumejenga juu ya jiwe la matumbawe, jiwe lenye nyufa na matundu tele, na maji tunayomwaga leo hayakawii kufika kisima cha jirani au mkono wa bahari ulio karibu. Naitreti haina rangi wala ladha. Ukichemsha maji ya kisima haiondoki, inazidi kukolea kwa sababu maji yamepungua na yenyewe imebaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na wa kwanza kudhurika ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya chupa kwa maji hayo. Ikifika baharini inarutubisha mwani, nao mwani hufunika matumbawe na nyasi za bahari.

Kwa hiyo nimeandika hatua zote, pamoja na sababu zake, kwa nyumba ya watu sita yenye tangi la septiki.

## Elewa hili kabla ya kushika sururu

Kazi hii ina makundi mawili ya bakteria, na makundi hayo hayakai chumba kimoja.

Maji yanayotoka kwenye septiki yana naitrojeni iliyo katika hali ya amonia. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitreti. Hawa wanahitaji hewa, tena nyingi: kila gramu moja ya naitrojeni inawagharimu takriban gramu 4.6 za oksijeni. Kundi la pili huichukua naitreti na kuigeuza gesi ya naitrojeni, ileile iliyojaa hewani, ikapaa zake bila madhara. Hawa huvuta pumzi kwa kutumia naitreti pale tu oksijeni inapokosekana, na lazima wapate chakula chenye kaboni.

Nenda Tudor maji yakiwa yamekupwa, simama kando ya mikoko, chimba tope kwa kisigino. Juu utaona utando wa kahawia, mwembamba wa milimita chache. Chini yake tope ni jeusi tititi. Utando ule una hewa, tope jeusi halina, na hapo ndipo kazi zote mbili zinafanyika, moja juu ya nyingine. Sisi tutaitenganisha kazi hiyo katika vyumba viwili.

Kitanda cha matete peke yake ni chumba kimoja. Kikiwa na hewa, kinatengeneza naitreti na kuiachia iende. Kikiwa kimejaa maji muda wote, amonia inapita ilivyoingia. Matete yenyewe hula sehemu ndogo tu ya naitrojeni, na ukiyaacha yakauke na kuozea palepale, yanairudisha.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Shimo likikaa wazi wiki tatu likingojea mchanga, mvua italijaza udongo.

- Matofali au mawe ya kujengea, saruji, na nailoni nzito ya bwawa ya kutandika ndani
- Kokoto kubwa (sentimita 2 hadi 4) na kokoto ndogo (karibu milimita 5 hadi 10), zote zimeoshwa
- Mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, kama mita 5 za ujazo
- Vipande vya jiwe la matumbawe, ukubwa wa sentimita 2 hadi 4, karai kumi hivi
- Vipande vya mbao visivyotiwa dawa, makumbi ya nazi yaliyokatwa, na magunzi ya mahindi
- Paipu za plastiki za inchi 2, elbo, tii, valvu, na drili ya kutobolea
- Pipa la lita 200 au zaidi, na pampu ndogo ya maji machafu ikiwa kiwanja ni tambarare
- Miche ya matete au mafunjo
- Vijiti vya kupimia naitreti na dawa ya matone ya kupimia amonia. Wauzaji wa samaki wa mapambo huwa nazo
- Glavu, viatu vya mpira, sururu, mtaimbo, pima maji

Mchanga wa ufuoni uache ufuoni. Una chumvi, chembe zake ni laini mno, na kuuchota ni kuibomoa pwani yetu wenyewe. Mbao za mikoko nazo usiziguse.

## Hesabu ya ukubwa

Hapa ndipo wengi wanapokisia, kisha wanajuta. Chukua karatasi tufanye pamoja.

Watu 6, kila mmoja lita 90 kwa siku: lita 540. Maji ya septiki mara nyingi yana kati ya miligramu 40 na 100 za naitrojeni kwa lita, nasi tuchukue 70. Zidisha 540 kwa 70, unapata miligramu 37,800, yaani gramu 38 kwa siku. Huo ndio mzigo.

Chumba cha hewa: nahesabu mita ya mraba 1.5 kwa kila mtu, jumla 9. Kigawe nusu mbili kwa ukuta, 4.5 na 4.5.

Chumba kisicho na hewa: vipande vya mbao huondoa takriban gramu 2 hadi 10 za naitrojeni kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Penye baridi ni karibu na 2. Kwa joto letu la Mombasa natumia 8. Gawa 38 kwa 8, ni mita 4.75 za ujazo. Sanduku la urefu wa mita 2.2, upana mita 2 na kina cha maji mita 1.1 linatosha.

Ukiona kiwanja hakitoshi, usikipunguze chumba cha pili ukibakisha cha kwanza. Heri upunguze vyote kwa uwiano na uhudumie choo kimoja.

## Hatua ya 1: Pima maji uliyo nayo

Pima amonia na naitreti kwenye maji yanayotoka septiki, uandike daftarini pamoja na tarehe. Kwa kawaida amonia itakuwa juu na naitreti karibu na sifuri. Usipopima sasa, miezi mitatu baadaye hutajua kama umefanya lolote.

Soma vizuri kibandiko cha kipimo chako. Vipimo vingine vinataja naitreti nzima, vingine vinataja naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti. Miligramu 50 za naitreti ni sawa na miligramu 11.3 tu za naitrojeni. Nimeona watu wawili wakigombana juu ya maji ya chupa moja kwa sababu hii tu.

Onyo: usiingie ndani ya tangi la septiki, hata kama ni tupu, hata kwa dakika moja. Gesi iliyomo humwangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Chota sampuli kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo.

## Hatua ya 2: Mahali na ruhusa

Chagua pahali pa chini kuliko septiki, mbali na kisima, palipo na jua. Waulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ofisi ya kaunti kuhusu masharti ya kutoa maji taka kabla ya kuchimba. Ongea na majirani pia, hasa wenye kisima.

## Hatua ya 3: Jenga sanduku lisilovuja

Viwanja vingi vya kisiwani na Kisauni ni tambarare, tena ukichimba kidogo unagonga jiwe. Usihangaike kushuka. Nyanyua chumba cha hewa juu ya ardhi kwa kuta za tofali, na chumba cha pili ukizamishe nusu.

Tandika nailoni bila kuivuta kwa nguvu, ukitanguliza mchanga laini chini yake ili ncha za jiwe zisiitoboe. Ukingo uinuke angalau sentimita 15 juu ya ardhi, maana mvua za masika za Aprili na Mei zitakuja, na maji ya uani yakiingia humo yatakusombea kazi yote.

Jaza maji, weka alama, ondoka. Umefaulu ikiwa kesho yake alama na maji viko pamoja, ukitoa kidogo kilichokauka kwa jua.

## Hatua ya 4: Panga chumba cha hewa

Kutoka chini kwenda juu: kokoto kubwa sentimita 20, kokoto ndogo sentimita 10, mchanga sentimita 50, na juu kabisa sentimita 10 za kokoto zilizochanganywa na vipande vya jiwe la matumbawe.

Ndani ya kokoto za chini laza paipu zenye matundu, kisha kila ncha iunganishe na paipu iliyosimama hadi juu ya kitanda, mdomo wazi, umefungwa wavu wa mbu. Hizo ndizo pua za kitanda. Nimewahi kufukua kitanda ambacho fundi aliziba pua hizo kwa saruji akidhani zinaleta harufu. Mchanga wa chini ulikuwa mweusi na unanuka mayai viza, wakati wa juu ulikuwa safi kama unga wa ngano. Tulizifungua tu, na baada ya wiki chache weusi ule ukaanza kupotea.

Jiwe la matumbawe lina sababu yake. Bakteria wa amonia hutoa asidi wakifanya kazi, na kila gramu ya naitrojeni inatumia karibu gramu 7 za chokaa iliyomo majini. Chokaa ikiisha, asidi hupanda nao wanalegea. Jiwe letu hili ni chokaa tupu, linaliwa polepole na kuwalinda. Nimeliweka juu ili likiisha uongeze bila kufukua kitu. Lioshe kwanza, kwa sababu vumbi lake huziba mchanga.

Jaribu mchanga kabla ya kuushusha kwenye mkokoteni: jaza kopo la plastiki lenye matundu chini, lowesha, kisha mimina nusu lita ya maji. Yakipotea ndani ya dakika moja hadi tatu, chukua. Yakisimama juu kama dimbwi, mrudishie mwenyewe mchanga wake.

Panda matete manne kwa kila mita ya mraba. Kazi ya mizizi hapa ni kuzuia uso wa kitanda usigande.

## Hatua ya 5: Lisha kwa vipindi

Ukinijengea kila kitu sawasawa kisha ukaacha maji yatiririke usiku kucha na mchana kutwa, umepoteza fedha zako. Maji yakitiririka mfululizo hujaza matundu ya mchanga, na hewa inakosa pa kuingilia. Yakija kwa mkupuo kisha yakakata, yanaposhuka yanaivuta hewa nyuma yake, kama bomba la sindano.

Kusanya maji kwenye pipa. Mara nne kwa siku fungua lita 135 kwa pamoja, kwa pampu yenye saa au kwa mkono wako kwenye valvu. Kwenye nusu kitanda ya mita 4.5 hicho ni kina cha milimita 30, na kinatosha kuenea kote. Paipu za juu ziwe na tundu la milimita 8 kila nusu mita, zote zikilala usawa mmoja, na pima maji ndiyo iamue, si jicho.

Wiki hii nusu ya kwanza, wiki ijayo nusu ya pili. Nusu inayopumzika inakauka, na utelezi uliojijenga juu yake unakufa.

Mwezi wa Ramadhani badilisha saa za pampu. Mchana jikoni kumetulia, kisha maji yote yanashuka baada ya magharibi na tena wakati wa daku. Na siku za Idi, wageni wakiwa ishirini, ongeza mikupuo badala ya kuongeza ukubwa wa mkupuo.

Umefaulu ikiwa dakika 15 baada ya kufungulia hakuna dimbwi juu ya kitanda.

## Hatua ya 6: Chumba kisicho na hewa

Nusu ya ujazo iwe vipande vya mbao vyenye ukubwa wa kidole gumba. Mvinje unafaa sana na unapatikana, ni mti uleule uliopandwa kufufua machimbo ya Bamburi tangu 1971. Chukua mbao zake tu, si majani, kwa kuwa mizizi ya mvinje hukaa na bakteria wanaokamata naitrojeni kutoka hewani, na majani mabichi ya mti wowote yatakuongezea kile unachojaribu kuondoa. Iliyobaki iwe makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande vya sentimita 5. Magunzi yawe sehemu moja katika kumi: hutoa kaboni haraka na kuwaamsha bakteria, lakini huoza upesi.

Vumbi la mbao hapana, linaganda na kuziba. Mbao za zamani zenye rangi au dawa ya mchwa pia hapana.

Loweka makumbi wiki mbili kwenye pipa, ukibadilisha maji kila siku chache. Yasipolowekwa hutoa rangi kama chai ya rangi iliyochemka mno, na maji hayo hula oksijeni popote yanapoingia. Hata ukiloweka, tarajia rangi kidogo mwezi wa kwanza.

Jenga ukuta mmoja katikati ya sanduku ukiacha mwanya mwishoni, ili maji yaende yakizunguka na yasikate njia. Yaingie kutoka chumba cha hewa kwa paipu inayoshuka mpaka chini. Yatoke upande wa pili kwa elbo iliyosimama kwenye kimo cha mita 1.1. Kimo cha elbo hiyo ndicho kinachoshikilia maji ndani, na kila kipande kilicho chini ya mstari huo kitakosa hewa. Vilivyo juu ya mstari vitaoza bure, kwa hiyo usijaze kupita kiasi. Funika kwa nailoni na udongo, ukiacha paipu moja nyembamba ya kutolea gesi.

Maji yatakaa humo siku nne au tano. Usijaribu kuharakisha. Hewa ikiingia au chakula kikipungua, bakteria huishia njiani na kutoa gesi ya N2O, ambayo kwa uzito uleule hupasha dunia joto zaidi ya mara 250 ya kaboni dioksidi. Tutakuwa tumeuokoa mkono wa bahari na kuchafua anga.

## Hatua ya 7: Amsha bakteria, kisha subiri

Usinunue unga wa bakteria. Chukua ndoo moja ya udongo wa mboji uliokomaa, uvuruge kwenye maji, chuja, mimina juu ya kitanda cha hewa. Chumba cha pili kipe ndoo moja ya tope jeusi la mtaro wa maji baridi, maana tope la mikoko limezoea chumvi.

Wiki mbili za kwanza lisha nusu ya maji tu. Bakteria wa amonia huzaana polepole mno, na huchukua wiki nne hadi nane kujaa. Katika muda huu dawa ya klorini ya kufulia na kusafishia choo isiingie. Kikombe kimoja kinaweza kukurudisha mwanzo. Ongea na kila anayefua humo nyumbani, si mwenye nyumba peke yake.

Ikiwa mnafulia maji ya kisima yenye chumvi, hakuna neno, wataizoea. Kinachowaua ni kubadilishiwa ghafla, leo maji ya bomba, kesho ya chumvi.

## Hatua ya 8: Soma vipimo

Pima mahali patatu kila wiki: septiki, baada ya chumba cha hewa, na mwisho.

Kwanza amonia itashuka katikati na naitreti itapanda. Wengi hushtuka hapo wakadhani wameharibu. La, hiyo ndiyo dalili kuwa kundi la kwanza limeamka. Kisha naitreti ya mwisho ianze kushuka.

Umefaulu ikiwa baada ya miezi mitatu amonia katikati iko chini ya miligramu 10 kwa lita, na naitreti nzima mwishoni iko chini ya 50, ikielekea 20.

Isipokuwa hivyo:

Amonia bado iko juu katikati. Hewa haitoshi. Kagua pua, punguza mkupuo, angalia kama kuna dimbwi. Vyote vikiwa sawa, ongeza jiwe la matumbawe.

Amonia imeshuka, naitreti ya mwisho iko juu. Maji yanakata njia katika chumba cha pili, au kaboni haitoshi. Mimina rangi ya chakula mlangoni. Ikitokea upande wa pili siku hiyohiyo, kuna mwanya chini ya ukuta. Isipotokea, ongeza magunzi.

Harufu ya mayai viza kwenye maji ya mwisho. Naitreti imekwisha mapema na bakteria wengine wamehamia kwenye salfeti, chumvi ya salfa iliyomo majini. Hii si mbaya sana. Shusha elbo sentimita 10 ili maji yakae muda mfupi zaidi.

## Maji yaende wapi

Mfumo huu haukuundwa kuua vijidudu vya maradhi. Maji yake si ya kunywa, si ya kuoshea, si ya mchicha wala mboga inayoliwa mbichi. Yapeleke chini ya ardhi kwenye mizizi ya migomba au minazi, mbali na kisima. Na maji ya kisima chako yaendelee kupimwa, kwa kuwa naitreti iliyokwisha kuzama kwenye jiwe miaka yote hiyo haitaondoka kwa msimu mmoja.

## Utunzaji

Nyonya tope la septiki kabla halijafika nusu ya tangi. Tope likipenya hadi kwenye mchanga, hakuna dawa ila kuutoa wote.

Kata matete mara mbili kwa mwaka na uyatoe kabisa kitandani.

Kila mwaka, kabla ya masika, funua nailoni ya chumba cha pili uangalie kimo cha vipande. Vitakuwa vimeshuka. Jazia kwa makumbi yaliyolowekwa. Ukitia mkono ukakuta vimelainika kama ugali mpaka chini, vitoe vyote, viache vikauke juani wiki mbili, na uvizike kwenye mashimo ya migomba. Bakisha karai mbili za vile vya zamani uchanganye na vipya, bakteria wako wamo humo.